Chungu Kisipofurika

Jikoni kwetu maziwa yakifurika, mtu hugombezwa. Huko Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, yako maziwa ambayo familia nzima huyasubiri yafurike, na yakichelewa watu huanza kutazamana. Jambo hilo liligoma kunitoka kichwani niliposoma habari za Pongal, sikukuu ya siku nne ya Wahindu wa Kitamili, wanapomshukuru Surya, mungu jua, katikati ya Januari mpunga ukishavunwa.

Chungu ni kipya, cha udongo, na shingoni kimevishwa mche mbichi wa manjano, majani na mizizi yake. Mafiga hupangwa uani, karibu na michoro ya unga wa mchele, miwa imesimamishwa kandokando. Maziwa hutangulia. Povu linapanda taratibu, linafika ukingoni, linasitasita, kisha linateremka ubavuni na kulia chwaa juu ya makaa. Hapo ndipo kelele hupigwa: "Pongalo Pongal!" Hufuata mchele mpya, choroko zilizokobolewa, sukari guru, samli, iliki, korosho na zabibu kavu. Anayepakuliwa kwanza ni jua, juu ya jani la mgomba.

Muulize mama anayesimamia chungu kwa nini asipunguze kuni. Atakushangaa wewe. Neema, atakwambia, haiji kwa kipimo. Chungu kikifurika, nyumba nayo itafurika. Atakuelekeza pia utazame povu limeangukia wapi: mashariki ni heri. Kesho yake atakupeleka kwa ng'ombe walioogeshwa na kupakwa rangi kwenye pembe, akusimulie jinsi mungu Shiva alivyomtuma fahali Nandi kuwaambia binadamu waoge kwa mafuta kila siku na kula mara moja kwa mwezi. Fahali akageuza ujumbe: wale kila siku. Kwa kosa hilo akashushwa duniani kuvuta plau, vinywa vilivyoongezeka vipate chakula. Sisi tunashiba kwa kosa lake, naye ndiye mwenye nira. Haki iko wapi?

Siku hizi, kwenye maghorofa ya jiji la Chennai, wengi hupikia jiko la gesi. Kwa sikukuu hii, serikali ya jimbo nayo imezoea kugawa mchele, sukari na muwa kwa wenye kadi za mgawo. Asiye na shamba naye anafurikisha chungu chake, na ni vyema. Lakini mkulima ambaye mvua imemwangusha, akipika mchele wa mgawo, anashukuru mavuno ya nani?