Kupima Viunganishi vya Mifumo: Zana Ipi Imfae Mtaalamu?

Na Mwandishi Wetu – Kalambo, Rukwa

Mfanyabiashara wa Kata ya Mwazye, wilayani Kalambo, anapoomba leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI, hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa kwa simu, pasipo kulazimika kufunga safari hadi Matai, makao makuu ya Halmashauri. Nyuma ya hatua hiyo, mfumo wa leseni, Mfumo wa Malipo ya Serikali Kielektroniki (GePG) na mtoa huduma za fedha hupeana taarifa kupitia viunganishi vinavyofahamika kwa kifupi kama API. Kiunganishi kimoja kikikosea, fedha inaweza kukatwa na leseni isitoke.

Ndiyo maana kiunganishi hupimwa kabla ya kutumika. Mpimaji hutuma ombi na kukagua jibu: msimbo 200 humaanisha ombi limefanikiwa; 401, mwombaji hajatambuliwa; 404, kinachotafutwa hakipo; na 500, hitilafu imetokea katika seva. Hupima pia taarifa ya malipo iliyotumwa mara mbili, ili isihesabiwe mara mbili.

Zana huchaguliwa kwa kuzingatia kazi. Mtaalamu anayesanifu kurasa anazoziona mwananchi anafaa kutumia zana yenye madirisha na vitufe, kama Postman au Insomnia. Postman humwezesha pia kuandaa seva ya mfano, akaendelea na kazi wakati seva halisi haijakamilika. Mtaalamu wa seva huhitaji zaidi zana zinazojirudia zenyewe: curl, iliyoanza mwaka 1998, hutumia amri fupi, SoapUI hufaa kwa ujumbe wa XML, na Apache JMeter hutuma maombi mengi kwa pamoja ili kubaini iwapo seva itahimili msimu wa malipo.

Kigezo kingine ni usiri. Baadhi ya zana huhifadhi kumbukumbu za majaribio katika seva za kampuni iliyozitengeneza, ilhali Bruno huzihifadhi kama mafaili katika kompyuta ya mtumiaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za watu zilindwe. Hivyo, majaribio yafanyike kwa majina na namba za kubuni, wala si za wananchi halisi.

Zana bora, basi, ni ile inayofichua kosa mapema, kabla halijamfikia mwenye duka wa Mwazye.