Mapenzi Safi, Ardhi Isiyo Safi: Riwaya ya Msafara wa Walowezi na Swali Linaloiachia Historia ya Wangoni wa Songea

Ikisiri

Makala haya yanafafanua muundo wa riwaya ya mapenzi yenye staha inayosimulia misafara ya walowezi wa Marekani katika karne ya 19, na kuuliza iwapo muundo huo unaweza kubeba simulizi la uhamaji wa Wangoni hadi Songea. Hoja inayotetewa ni kwamba neno "safi" katika utanzu huu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huondoa chumba cha kulala katika simulizi, na mara nyingi huondoa pia watu waliokuwa na ardhi kabla ya msafara kufika. Kwa Songea, ambako kizazi cha leo kimetokana na wavamizi na wavamiwa kwa pamoja, uondoaji huo wa pili hauwezekani.

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuiweka riwaya ya mapenzi katika kundi la riwaya pendwa na kuipa nafasi ndogo kuliko riwaya dhati. Mazoea hayo yana gharama. Utanzu unaosomwa na wengi hufundisha wengi, na hufundisha zaidi pale msomaji anapodhani anaburudika tu. Riwaya ya mapenzi ya kihistoria ina uzito wa ziada, kwa kuwa humpa msomaji wapenzi wa kuwahurumia pamoja na picha ya jinsi nchi fulani ilivyopata wenyewe.

Kwa madhumuni ya makala haya, riwaya safi ya mapenzi ni ile ambayo mvutano wa wapenzi ndio uti wa mgongo wa msuko, mwisho wake ni ndoa au ahadi ya ndoa, na tendo la ndoa halisimuliwi. Kinachochunguzwa ni tawi moja la riwaya hizo: lile ambalo mandhari yake ni msafara wa magari yanayokokotwa na maksai kuelekea magharibi ya Marekani. Tawi hilo limechaguliwa kwa sababu kiini chake, yaani watu wanaohama na mali, wazee na watoto wao kwenda kukaa katika nchi ya wengine, ni kiini pia cha historia ya Songea.

2.0 Kanuni za Utanzu

Njia iliyotumiwa sana katika riwaya hizi ni ile ya Oregon, yenye urefu wa takribani kilomita 3,200 kutoka Missouri hadi Oregon. Safari ilichukua miezi minne hadi sita. Magari yalibeba unga, mbegu na vyombo, na wasafiri wengi walitembea kwa miguu kando yake. Misafara mikubwa ilianza mwaka 1843, na umuhimu wa njia hiyo ulipungua baada ya reli ya kuvuka bara kukamilika mwaka 1869.

Mandhari haya yana faida tatu kwa mwandishi wa mapenzi. Kwanza, safari huwatoa vijana mikononi mwa ukoo bila kuwatoa machoni pa jamii. Binti aliyebaki yatima au mjane anaweza kumchagua mume kwa hiari yake, lakini msafara hauna milango: kila mazungumzo yana shahidi, na usiku magari hupangwa kwa duara. Staha basi hulindwa na mandhari yenyewe, wala msimulizi hahitaji kuhubiri. Pili, mito, kipindupindu, kiu na ekseli iliyovunjika huwa mizani ya tabia. Mchumba hajulikani kwa maneno yake. Hujulikana kwa namna anavyomvusha mgonjwa mtoni. Tatu, safari ina mwisho unaoonekana. Nyumba inayojengwa mwishoni ni tuzo ya uvumilivu na pia alama ya ndoa.

Kielelezo cha mapema ni riwaya ya Emerson Hough, The Covered Wagon, iliyochapishwa mwaka 1922 na kufanywa filamu mwaka uliofuata. Ndani yake Molly Wingate yuko kati ya wanaume wawili, Will Banion na Sam Woodhull, huku msafara ukielekea Oregon. Msomaji hushughulishwa na swali moja: Molly ataolewa na nani? Swali la pili, kwamba Oregon ni ya nani, halipati nafasi ya kuulizwa kwa uzito huohuo.

3.0 Ndoa kama Kipimo cha Ardhi

Swali hilo la pili lina jibu katika sheria. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugawa ardhi Oregon. Mwanamume asiye na mke aliyekuwa amekwisha kufika alistahili ekari 320. Aliyeoa alistahili ekari 640, nusu yake ikiandikwa kwa jina la mke. Waliofika baadaye walipewa nusu ya viwango hivyo. Ugawaji ulianza kabla ya mikataba na wenyeji wa asili kukamilishwa.

Takwimu hizi zinabadilisha usomaji wa utanzu mzima. Ndoa ya makubaliano, ambapo wawili wasiojuana hufunga ndoa kwa shida na kupendana baadaye, ni motifu inayopendwa sana katika riwaya hizi. Kwa kawaida huelezwa kama hila ya kimsuko. Sheria ya 1850 inaonyesha kuwa ina mzizi katika uchumi: mahali hapo, wakati huo, mke aliongeza maradufu shamba la mume, na mwanamke alipata milki kwa jina lake mwenyewe, jambo lisilokuwa la kawaida katika zama zile. Riwaya iliyo makini inaweza kupata hapa mgogoro wa kweli: je, ananipenda mimi au ekari zangu? Lakini ekari hizo zilikuwa za watu wengine, na ndipo usafi wa simulizi unapoanza kutia shaka. Mwenyeji wa asili katika riwaya nyingi za aina hii hutokea kama hatari ya njiani au kama kiongozi mwema anayetoweka kabla ya harusi. Ni nadra kutokea kama jirani atakayebaki.

Afrika Mashariki nayo ina msafara wake wa maksai. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg waliteremka Mombasa kwa meli, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakakokota magari yao hadi uwanda wa Uasin Gishu. Uwanda huo ulikuwa umechungwa na Wamasai na Wanandi. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, auawe na Waingereza mwaka 1905. Mwandishi atakayeanzisha mapenzi yake matopeni kati ya Nakuru na Eldoret hana budi kuamua kama mwaka 1905 umo katika riwaya yake au haumo. Kutokuamua nako ni kuamua.

4.0 Msafara wa Wangoni

Uhamaji wa Wangoni haukuwa na magari. Ulikuwa wa miguu, wenye ng'ombe, vikosi vya rika na familia nzima. Kundi la Zwangendaba lilitoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya Mfecane, likavuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, na kufika Ufipa, ambako kiongozi huyo alifariki mwishoni mwa miaka ya 1840. Baada ya kifo chake kundi liligawanyika, na sehemu yake ikaelekea mashariki hadi Songea. Huko iliwakuta Wangoni wa Maseko waliotangulia chini ya Mputa. Makundi hayo yakapigana. Mputa akauawa na watu wake wengi wakarudi kusini ya mto Ruvuma. Ndipo zikasimama himaya mbili, Njelu na Mshope, ambazo Wajerumani walizikuta na kuzivunja katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907.

Padre Elzear Ebner wa Peramiho, katika kitabu chake cha historia ya Wangoni, ameonyesha jinsi jamii hii ilivyokua njiani kwa kuingiza watu wa makabila iliyoyashinda. Hapa Songea walioingizwa, wakiwamo Wandendeule na wengineo, waliitwa "sutu" ili kuwatofautisha na Wangoni wa asili. Mateka wanawake waliolewa; mateka wavulana walilelewa na kuwekwa katika vikosi.

Ukiutazama msafara huu kwa kanuni za sehemu ya pili, vipengele karibu vyote vipo: umbali, mito, viongozi wanaogombana, vijana wanaokua njiani. Kinachokosekana ni kile ambacho riwaya safi inakihitaji kuliko vyote, yaani hiari ya mwanamke. Binti aliyetwaliwa baada ya kijiji chake kuchomwa hawezi kusawiriwa kama Molly Wingate anayechagua kati ya wachumba wawili. Kumpa tabasamu siku ya harusi na kufunga pazia ni staha ya lugha inayositiri kosa la maana. Riwaya ya namna hiyo ingekuwa safi kwa kipimo cha mchapishaji, na chafu kwa kipimo cha haki.

Hata hivyo, historia ya wanawake hao haikuishia katika kutwaliwa, na ushahidi wake husikika sokoni Songea kila siku. Kingoni kinachozungumzwa mkoani Ruvuma hakifanani na Kizulu. Kiko karibu na Kindendeule na Kimatengo, lugha za waliokuwapo. Majina ya koo kama Gama, Tawete na Mbano yanakumbusha watawala wa himaya hizo, lakini lugha inayoyatamka ni ya walioshindwa. Sababu za lugha kuhama ni nyingi, ikiwamo idadi. Sababu mojawapo ni kwamba watoto hujifunza kusema wakiwa mgongoni mwa mama. Kwa ufupi, jina lilitoka kwa baba na lugha ikatoka kwa mama. Ndani ya nyumba zilizoanzishwa na vita, mtu fulani alizungumza na mtu fulani kwa miaka mingi, na mwishowe mshindi ndiye aliyejifunza lugha ya mshindwa. Haya ni mandhari ya riwaya ya mapenzi iliyo ngumu na ya kweli kuliko ile inayoishia kwenye harusi.

5.0 Staha Isiyotegemea Usahaulifu

Msomaji anaweza kuuliza kama staha na ukweli vinaweza kukaa pamoja. Fasihi ya Kiswahili ina jibu tayari. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya aliyoitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni riwaya ya mapenzi ya kihistoria kwa maana kamili: mandhari ni Ukerewe ya kabla ya wakoloni, na wapenzi ni mume na mke ambao ugumba unatishia kuwatenganisha. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake. Myombekere anafunga safari kwenda ukweni kumwomba, na anatozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe.

Mambo mawili yanahusu hoja yetu. La kwanza ni umbo la safari. Msafara wa walowezi huenda upande mmoja na kuacha nyuma; safari ya Myombekere ni ya kwenda na kurudi kati ya nyumba mbili zinazojuana na zinazodaiana. La pili ni chanzo cha staha. Kitereza haondoi jambo gumu ili kulinda heshima. Mambo ya mwili yanaelezwa kwa lugha ya uzazi na uganga, na heshima hulindwa na salamu, ukarimu na wajibu wa mkwe kwa wakwe. Mapenzi hupimwa kwa deni linalokubaliwa na kulipwa. Kwa lugha ya makala haya, riwaya hiyo ni safi kwa sababu inalipa, na usafi wake haudai msomaji asahau.

6.0 Hitimisho

Kutokana na ulinganishi huu, mhakiki anaweza kuitathmini riwaya safi ya msafara kwa maswali matatu. Je, ardhi inayofikiwa ina wenyewe wenye majina, lugha na nafasi katika msuko? Je, mwanamke anaweza kukataa, na akikataa kuna kitu kinachobadilika? Je, ndoa ya mwishoni inafuta deni au inalikiri? Riwaya inayojibu vizuri maswali hayo inaweza kubakiza pazia la staha mahali pake bila hasara yoyote. Inayoyakwepa haitaokolewa na pazia.

Historia ya Songea imeingia katika fasihi na makumbusho kwa mlango wa vita zaidi, na ni haki yake: Makumbusho ya Majimaji yako mjini hapa, na kumbukumbu ya walionyongwa mwaka 1906 ni wajibu wa umma. Lakini kati ya kuvuka Zambezi na kitanzi cha Mjerumani kuna takribani miaka 70 ambamo watu walioa, walikataa, walikimbia, walizaa na kujifunza lugha za wakwe zao. Miaka hiyo inahitaji waandishi. Watakaoiandikia mapenzi wataikuta kanuni ya staha ikiwa tayari katika Kiswahili. Watakalolazimika kuliongeza ni ujasiri wa kumpa bibi aliyetwaliwa sauti yake, katika lugha ambayo wajukuu zake wanaizungumza hadi leo.