Mwimbaji Aliyekataa Kuyaficha Maradhi ya Akili

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Moshi, akishaipita Mombo, hufika Mkumbara, chini kabisa ya milima ya Usambara. Juu yake ni misitu ya Shume. Mbele yake ni nyika, na nyuma yake ameyaacha mashamba ya mkonge. Enzi za Wajerumani magogo ya Shume yalishushwa hapa Mkumbara yakining'inia kwenye waya wa chuma uliotandazwa angani, kisha yakapakiwa katika gari moshi. Hapakuwa na mtu ambaye angeweza kulishusha gogo la namna ile kwa bega lake peke yake.

Ndugu msomaji, upo mzigo mwingine, usioonekana kwa macho, ambao wengi wetu tunajaribu kuushusha peke yetu. Ni mzigo wa akili iliyochoka, ya wasiwasi usiokwisha na huzuni isiyo na jina. Mwenye homa hulala kitandani na majirani humjia na uji. Lakini mwenye maradhi ya akili huamka alfajiri, huvaa nguo za kazi, hupanda basi, na hakuna ajuaye kwamba usiku kucha hakufumba macho. Akiulizwa hali hujibu, "Nzuri, namshukuru Mungu." Wahenga walituonya zamani: mficha maradhi, kilio humfichua.

Leo tutamtazama mtu mmoja aliyeyatangaza maradhi yake kabla ya kilio kumfichua. Anaishi mbali nasi, katika nchi ya Ubelgiji, na anaimba kwa Kifaransa. Hata hivyo, damu yake ni ya jirani yetu wa magharibi, Rwanda. Na maradhi yake yalichochewa na jambo ambalo wenyeji wa Korogwe wanalijua vema, yaani vita dhidi ya malaria.

MTOTO WA BABA MNYARWANDA

Jina lake ni Paul Van Haver, aliyezaliwa Brussels mwaka 1985. Duniani anajulikana zaidi kwa jina la Stromae, alilolipata kwa kulipindua neno "maestro", maana yake bingwa wa muziki. Mama yake ni Mbelgiji. Baba yake, Pierre Rutare, alikuwa Mnyarwanda, msanifu wa majengo. Mtoto hakumwona baba yake ila mara chache, kwa maana alilelewa na mama. Na mwaka 1994 baba huyo aliuawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wakati ule kijana alikuwa na umri wa miaka tisa tu.

Sisi Watanzania tunaukumbuka mwaka huo. Tuliwaona majirani zetu wakivuka daraja la Rusumo kwa maelfu, wakaingia Ngara na magodoro vichwani na watoto migongoni. Walioyaona mambo yale walibaki na majeraha ambayo bendeji haiyafuniki. Nao waliokuwa mbali, kama mtoto huyu wa Brussels, walibaki na pengo la mzazi ambaye hakuzoeleka na sasa hatarudi tena. Mwaka 2013 Stromae alitoa wimbo uitwao Papaoutai, ambao ni swali la mtoto anayemtafuta baba yake. Ulichezwa katika kumbi na harusi za nchi nyingi, na wengi walioucheza hawakutambua kwamba walikuwa wakicheza msiba wa mtu.

Ndivyo ulivyo muziki wake: miguu hucheza, ilhali maneno yanalia. Wimbo uliompatia sifa mara ya kwanza, Alors on danse, wa mwaka 2009, unazungumzia kazi, madeni na matatizo ya nyumbani, na jinsi watu wanavyokimbilia dansi ili wasahau. Mfanyakazi wa mjini ambaye mshahara wake huisha tarehe kumi hahitaji mkalimani wa kumweleza habari hiyo.

USIKU AMBAO NDUGU YAKE ALIKUWAPO

Albamu yake ya pili, Racine carrée, ilitoka mwaka 2013 na kumfanya mashuhuri kupita kiasi. Kwa muda wa miaka miwili alizunguka akifanya maonyesho zaidi ya mia mbili. Mwaka 2015 akaingia Afrika. Kama wafanyavyo wageni wengi, alikunywa dawa ya kujikinga na malaria, iitwayo mefloquine, ambayo huuzwa kwa jina la Lariam.

Hapa inafaa tufafanue, tusije tukawatisha watu bure. Dawa hii imejulikana kwa muda mrefu kwamba huweza kuwaletea baadhi ya watu wasiwasi mkali, ndoto za kutisha na kuona yasiyokuwapo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iwekewe onyo zito kuliko yote. Si dawa mseto ya ALu, ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 2006 imekuwa ikitumika katika zahanati zetu kutibu malaria. Basi mtu asiache kumeza ALu kwa sababu ya habari hii. Korogwe yenyewe ilishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2021. Watu wa Korogwe hawahitaji kuambiwa kwamba malaria ni adui.

Kwa Stromae, dawa ile ilikutana na mwili uliochoka na akili iliyobeba mengi. Aliugua, na baadhi ya maonyesho yakafutwa, pamoja na lile la Kigali lililokuwa likisubiriwa kwa hamu. Miaka miwili baadaye alieleza hadharani kwamba kama ndugu yake asingekuwa naye usiku mmoja wa safari ile, huenda angejiua.

Tuyatafakari maneno hayo. Mtu huyo alikuwa na fedha, sifa na madaktari wa kuwaita kwa simu. Lakini usiku ule kilichomwokoa ni ndugu aliyekuwa karibu.

Mwezi Oktoba 2015 alikwenda Kigali akaimba, katika nchi ya marehemu baba yake. Kisha akakaa mbali na jukwaa kwa miaka kadhaa. Alioa, akapata mtoto, akashughulika na kazi ya kubuni mavazi pamoja na mkewe, akapumzika.

JIBU LA WIMBO

Tarehe 9 Januari 2022 Stromae aliketi katika taarifa ya habari ya usiku ya televisheni ya TF1 ya Ufaransa. Mtangazaji akamwuliza kuhusu upweke, na kama muziki umemsaidia kujitoa humo. Badala ya kujibu kwa maneno ya kawaida, alianza kuimba pale pale mezani, akiitazama kamera. Wimbo ule unaitwa L'enfer, yaani Jahanamu. Ndani yake anakiri kwamba amewahi kufikiria kujiua, kwamba haoni fahari kwa jambo hilo, na kwamba anajua wako wengi wenye mawazo kama hayo, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Mamilioni walikuwa wakitazama habari, wengine wakiwa mezani na watoto wao. Wapo waliolalamika kwamba taarifa ya habari si jukwaa la muziki. Lakini Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dakta Tedros Adhanom Ghebreyesus, mwana wa Ethiopia, alimshukuru hadharani. Alikuwa na sababu: shirika lake linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani.

Albamu yenyewe, Multitude, maana yake umati, ilitoka tarehe 4 Machi 2022 ikiwa na nyimbo kumi na mbili. Si albamu ya kilio kitupu. Umo wimbo wa Santé, wa kuwatakia heri wale wanaofanya kazi wakati wengine wanastarehe: muuguzi, dereva wa lori, mwoka mikate. Umo wimbo wa mzazi anayecheka na kulalamika kwa ajili ya nepi za mtoto. Na mwishoni kabisa zimewekwa nyimbo mbili zilizo kama pacha: wa kwanza ni wa siku mbaya, wa mtu asiyeona sababu ya kuinuka, wa pili ni wa siku njema. Hakutuambia kwamba siku mbaya zimekwisha. Ameziweka mbili hizo bega kwa bega, kama zinavyoishi katika maisha ya mtu.

Wala mambo yake hayakuishia hapo kama hadithi za paukwa pakawa. Mwezi Aprili na Mei 2023 ilimbidi kuahirisha, kisha kufuta, maonyesho yaliyosalia, kwa sababu za afya. Baadhi ya watu walisema, "Basi wimbo haukumponya." Ni kweli, wimbo si dawa. Lakini tazama tofauti: mwaka 2015 aliendelea kufanya kazi mpaka akafika ukingoni; mwaka 2023 aliutambua ukingo akiwa bado mbali nao, akasimama, akasema. Kujua wakati wa kusimama ni sehemu ya matibabu.

NA SISI JE?

Tuirudie sasa njia yetu ya Korogwe. Watu wengi hawajui kwamba katika wilaya hiyo hiyo ya Mkumbara, milimani, ipo hospitali ya Lutindi, mojawapo ya hospitali kongwe kabisa za maradhi ya akili katika Afrika Mashariki. Ilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili. Leo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na wagonjwa wapatao nafuu hushiriki kazi za shamba na za mikono. Kwa hiyo jambo hili si geni katika nchi yetu, wala si "maradhi ya Wazungu".

Kilicho kigeni ni kulizungumza bila kejeli. Jina la hospitali ya Mirembe, Dodoma, limegeuzwa kuwa tusi la mitaani. Kijana akisema hana raha huambiwa amerogwa, au ni mvivu, au kwamba mwanamume halii. Mama aliyejifungua akikaa analia bila sababu huambiwa hana shukrani. Baada ya kumfunga mdomo namna hiyo, tunashangaa likitokea la kutokea, tunasema, "Mbona hakutuambia?" Ndugu yangu, alikuambia. Ulimcheka.

Yako mambo ambayo kila familia inaweza kuyafanya. Kwanza, tuzifahamu dalili: usingizi kupotea au kuzidi, kuacha chakula, kujitenga, kuacha kazi aliyoipenda, ulevi ulioongezeka ghafla, kusema kwamba yeye ni mzigo kwa wengine, kugawa vitu vyake kama anayeaga. Hali hizi zikidumu kwa muda wa majuma mawili, si uvivu. Huenda ni sonona, na sonona ina matibabu.

Pili, tuulize waziwazi. Wengi huogopa kwamba kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua ni kumtia wazo hilo kichwani. Wataalamu wanasema sivyo; swali la upole humpa nafasi ya kuushusha mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na sumu za shambani na dawa zote nyumbani zifungiwe mbali naye.

Tatu, twende kwa mganga wa zahanati au kituo cha afya kama tunavyokwenda kwa ajili ya homa. Kutoka huko mgonjwa huweza kupelekwa hospitali kubwa zaidi, kama Magunga pale Korogwe, au Lutindi yenyewe. Tena mtu aliyechanganyikiwa huku ana homa apimwe malaria mara moja, maana malaria kali hushambulia ubongo. Na yeyote anayeona akili inabadilika baada ya kuanza dawa fulani amweleze aliyempa, asinyamaze. Sala na dua za viongozi wa dini zina nafasi yake. Zisiwe sababu ya kuchelewa hospitali.

Nne, waajiri na viongozi wa mahali pa kazi watambue kwamba mfanyakazi si mashine. Hata mashine husimamishwa kutiwa mafuta.

Ndugu msomaji, pengine leo Jumapili familia yako yote iko nyumbani. Tazama nani amekaa kimya kuliko kawaida yake. Msogelee baada ya chakula, watoto wakiwa wametoka kucheza. Usianze na nasaha wala lawama. Mwulize habari zake, kisha ungoje jibu la kweli, hata likichelewa. Stromae alikuwa na ndugu aliyekuwa naye usiku ule. Mtu wa nyumbani kwako naye anamhitaji wake, na huenda huyo ni wewe.