RAUTA YA BEI CHEE? ULIZA KWANZA TUMBO LAKE!

Vijana wa mjini wakiingia Kariakoo kusaka rauta ya mtumba, macho yote kwenye antena. Jamani! Antena ni hereni tu. Usitoe shilingi yako kabla hujauliza mambo mawili: memori MB ngapi, na hifadhi MB ngapi.

Kama hujui tofauti, shuka Feri soko la samaki. Mezani ndipo kazi inapofanyika, na jioni panaoshwa, hakibaki kitu. Hiyo ndiyo memori. Friza ndiyo hifadhi, ila hii umeme ukikatika haiozeshi.

Sasa chukua TP-Link MR3020 toleo la kwanza, kale kadogo ka kuchomeka modemu. Memori MB 32, hifadhi MB 4. Nne tu, picha moja ya simu ya leo inaweza kuijaza! Na humo humo imelala Linux nzima. Hata waungwana wa OpenWrt, wanaotoa mfumo wa bure wa rauta, walinyoosha mikono: mwaka 2022 walitoa toleo la mwisho kwa vitu vya saizi hiyo. Tundu la usalama likigundulika leo, hakuna wa kukuzibia.

Mjanja naye anaanza kufuta programu alizozikuta ndani ili apate nafasi. Kasheshe! Mfumo wenyewe umegandishwa sehemu isiyofutika. Ukifuta kitu kinafichwa tu, nafasi haiongezeki hata chembe.

Dawa ipo kama kuna tundu la USB: unachomeka flashi, halafu unaiambia Linux ihamishie huko sehemu yake ya kuandikia. Lakini kwa hizi za MB 4, hata programu za kuitambua hiyo flashi zinapata taabu kuenea. Mimi ningeanzia MB 16 za hifadhi na 128 za memori, chini ya hapo ni kujitafutia presha. Memori ikijaa hakuna cha msalie mtume: Linux inaua programu mojawapo, au rauta inazima na kuwaka huku wateja wa kibanda chako wanalalama. Kuna zram, inayoshindilia vitu ndani ya memori hiyo hiyo. Inasaidia, ila si mganga.

Kabla hujalipa igeuze, usome toleo kwenye lebo. Linksys WRT54G ilikuwa na MB 4 za hifadhi na 16 za memori. Mwaka 2005 likaja toleo la 5, jina lile lile, ndani 2 na 8, na Linux yenyewe ikatolewa.