Picha Moja, Vipimo Vingi: Jinsi Kompyuta Ipunguzavyo Picha za Tovuti

Mwalimu wa jiografia aliyeko Laela, katika uwanda wa juu wa Ufipa, akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake nchi yao ionekanavyo kutoka angani, hana haja ya kununua picha. Setilaiti za Landsat zilianza kuipiga dunia picha mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha hizo hutolewa bure kwa njia ya intaneti. Kisichotolewa bure ni usafiri wa picha hadi kwenye simu ya mwalimu. Hapo ukubwa wa picha huwa ni suala la fedha.

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la nambari. Kila kijisehemu chake, kiitwacho pikseli, hubeba nambari tatu: ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu. Katika picha za rangi za Landsat 8, iliyorushwa Februari 2013, pikseli moja ni mraba wa ardhi wenye mita 30 kila upande. Picha nzima hufunika kilomita 185 kwa 180 hivi, eneo litoshalo kuzichukua Laela na Sumbawanga pamoja. Kwa hesabu ya mkato, hizo ni pikseli 6,000 kwa 6,000, yaani milioni 36. Kila nambari ikipewa baiti moja, jumla ni baiti milioni 108. Katika njia ipitishayo biti milioni moja kwa sekunde, mzigo huo huchukua dakika zaidi ya 14.

Lakini kioo cha simu huenda kikaonyesha upana wa pikseli 600 tu. Picha ya 600 kwa 600 ina baiti 1,080,000, nayo hufika kwa sekunde zisizozidi tisa. Tovuti ipelekayo picha nzima na kuiachia simu kazi ya kuipunguza humtoza msomaji mara mia ya kile anachokiona.

Dawa mojawapo ni kutayarisha nakala za vipimo mbalimbali mapema. Kwa picha kumi yafaa. Kwa maelfu ni adha, kwani picha asilia ikisahihishwa nakala zake zote hazina budi kutengenezwa upya. Dawa bora ni kuweka picha asilia moja tu katika hifadhidata. Ombi likija na namba ya picha pamoja na upana utakiwao, seva huitoa picha, huipunguza papo hapo pasipo kuharibu uwiano wa upana na kimo, kisha huituma.

Kupunguza kwenyewe kwahitaji uangalifu. Njia ya haraka ni kuchagua pikseli moja katika kila kumi na kuzitupa nyingine. Na ichukuliwe barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga kupitia Laela: ikiwa katika picha ni mstari wa upana wa pikseli moja, basi penye mwelekeo wa mshazari itakatika vipande vipande, na pengine itatoweka kabisa. Mwanafunzi ataamini kwamba hakuna barabara. Njia ya haki ni kutafuta wastani wa zile pikseli 100 zinazogeuka kuwa moja. Barabara itafifia, lakini alama yake itabaki.

Wastani huo wakati mwingine umekwisha kukokotolewa. Katika mtindo wa JPEG, uliokubaliwa kimataifa mwaka 1992, picha hugawanywa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na nambari ya kwanza ya kila mraba huwakilisha wastani wa mraba mzima. Ikitakiwa picha ya thumuni ya upana, seva hutumia nambari hizo za kwanza tu, bila kukokotoa zile 63 zilizobaki.

Hata hivyo seva nayo huchoka. Wanafunzi 40 wakiomba picha ileile, ni upuuzi kurudia hesabu mara 40. Nakala ya kwanza huwekwa akiba ya muda, nayo hufutwa picha asilia inapobadilishwa. Aidha, vipimo viruhusiwavyo huwekewa mipaka, mathalani 300, 600 na 1,200, ili mtu mmoja asiilemee seva kwa kuomba kila upana autakao. Upana upitao ule wa picha asilia hukataliwa: pikseli ya mita 30 hata ikikuzwa mara kumi haitaonyesha nyumba za Laela, bali mraba uleule mmoja, mkubwa zaidi.