Akichoka, Atamwambia Nani?

Tulipozuru Nyanchwa, kandokando ya mji wa Kisii, tulikaribishwa nyumbani kwa dereva wa lori. Mwenyewe alikuwa safarini, akitoka bandari ya Mombasa kuelekea Kampala. Mkewe alituandalia chai na ndizi, kisha akatuuliza: "Sheikh, zamani mume wangu alipigiwa simu na tajiri wake. Siku hizi anaamriwa na simu yenyewe. Akichoka, atamwambia nani?"

Swali hilo tumerudi nalo Pwani.

Zamani mwenye lori alitegemea madalali kumtafutia mzigo. Mara nyingi lori lilipeleka shehena bara na kurudi Mombasa tupu, na gharama ya safari hiyo tupu ikaingia katika bei ya bidhaa tununuazo dukani. Kampuni kama Lori Systems, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2016, zilikuja kuwaunganisha wenye mizigo na wenye malori kwa njia ya mtandao. Sasa akili unde inaongezwa katika kazi hiyo: programu huchambua kumbukumbu za safari zilizopita, hulinganisha mzigo na lori lililo karibu, na hukadiria saa ya kufika. Ziko pia kamera zinazomtazama dereva usoni, zikapiga kengele macho yakianza kufumba.

Hatuyapuuzi manufaa haya. Kengele inayomwamsha baba mteremkoni usiku ni rehema kwa wanawe.

Lakini saa ya kufika ni makadirio tu. Tajiri akiifanya amri, dereva ataukimbiza muda huku mwili unadai kulala. Sheria ya Kenya inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kamera haiwezi kumpa usingizi alionyimwa. Yaweza tu kumwonya kwamba ameukosa.

Wengine wanahofu kwamba lori lisilo na dereva litawapokonya riziki. Huko Texas, Marekani, kampuni ya Aurora ilianza safari za namna hiyo kati ya Dallas na Houston mwaka 2025. Wiki chache baadaye, kwa ombi la mtengenezaji wa malori hayo, ilimrudisha mtu kitini awe mwangalizi. Kwetu, dereva angali ameshika usukani. Kinachomtoka mkononi ni uamuzi wa lini aondoke na lini apumzike.

Basi tunawanasihi wenye malori: mwelezeni dereva kamera inarekodi nini na nani anatazama. Msimkate ujira kwa hesabu ya mashine kabla ya kumsikiliza. Awepo mtu mwenye jina na nambari ya simu, ambaye dereva akimwambia "nimechoka," atamjibu "lala." Nanyi akina mama, mzazi mwenzenu apigapo simu kutoka njiani, kabla ya kumuuliza atafika lini, muulizeni amelala saa ngapi.

Shehena ni amana, na anayeibeba ni amana kubwa zaidi. Mashine haitaulizwa juu yake. Tutaulizwa sisi.