Bahari ya Ukoo Mzima

Mgeni anayeshuka Vũng Tàu saa sita mchana siku ya Jumamosi anaweza kudhani mji umehamwa. Bãi Sau, ufuo mrefu kuliko zote hapo, unabaki na wakodisha miavuli wanaosinzia na watalii wachache waliojianika juani. Wenyewe wamelala. Wavietnamu huenda kuoga baharini saa kumi na moja alfajiri, wakarudi tena saa kumi jioni jua likishalegea. Katikati ni kula na usingizi. Wanawake wengi huingia majini na mikono mirefu na kofia, maana ngozi iliyochomwa na jua bado huhesabiwa alama ya kazi ya shambani. Dhana hiyo siipendi, ila kuhusu saa niko upande wao.

Mji huu uko kilomita 100 hivi kutoka katikati ya Ho Chi Minh, jiji ambalo wakazi wake wengi hadi leo huliita Saigon. Watumishi wa serikali walianza kupumzika siku mbili kwa juma mwaka 1999. Wengi wa viwandani Jumamosi wako kazini, kwa hiyo wikendi yao ni fupi na barabara ya pwani hujaa.

Wanaosafiri si baba, mama na watoto tu. Ni babu na bibi, mashangazi, wajomba na mabinamu, wamebanana katika basi dogo la kukodi. Hotelini huchukua vyumba vichache, mikeka ikatandikwa sakafuni, watoto wakalala mstari mmoja. Anayetaka faragha angebaki kwao.

Safari yenyewe, ukweli usemwe, ni chakula. Mama mjuzi haanzi mgahawani. Huenda sokoni, akamgeuza kaa, akambonyeza kifuani kuona kama amejaa, akavutana na muuzaji juu ya bei ya kilo, kisha akapeleka kikapu kwa mpishi wa jirani anayelipwa ujira wa kupika tu. Kaa hupikwa kwa mvuke, ngisi huchomwa, konokono wa baharini huchemshwa na mchaichai. Kitoweo huchovywa kwenye chumvi, pilipili manga na ndimu. Asubuhi huliwa bánh khọt, vijikate vya unga wa mchele vinavyokaangwa katika vishimo kama vitumbua, kila kimoja na kamba juu yake, vikafungwa kwa majani mabichi.

Lakini hakuna anayejitilia kwanza. Watoto huwakaribisha wakubwa mmoja mmoja kwa daraja la udugu wao, babu akianza, ndipo vijiti vinainuliwa. Shangazi humenya kaa, nyama yote ikaishia katika bakuli la bibi, na bibi naye akaihamishia kwa mjukuu. Bili ikija, ndugu huinuka na kugombania kulipa, wakati mwingine kwa kelele za kweli.

Udugu huo haukomei mezani. Mtaa wa Thắng Tam una hekalu la nyangumi, na mifupa yake imehifadhiwa humo. Wavuvi huamini kuwa nyangumi huokoa mabaharia wakati wa dhoruba. Akikutwa amekufa ufukweni huzikwa kwa heshima, na aliyemwona kwanza humlilia kama mwana wa kwanza amliliavyo baba yake, akavaa kilemba cha msiba. Si ajabu basi bibi akiomba apitishwe hapo afukize udi, wajukuu wakinuna kwa kucheleweshwa kuogelea.

Jumapili, kabla ya kupanda basi, hununuliwa ngisi mkavu wa kuwagawia majirani. Kurudi mikono mitupu ni aibu.

Ukialikwa safari ya namna hii, usiulize chumba chako kiko wapi, subiri wakubwa wakaribishwe ndipo ushike vijiti, na ukitaka kuchangia bili, mlipe mpishi mapema kabla ndugu hawajainuka.